Kiboko wa Karatasi za Chumvi

Mama mkwe wangu alikataa kuja darasani kwangu kwa miezi mitatu, na aliyemleta mwishowe hakuwa mimi, wala katibu wa kijiji, wala padri. Alikuwa kiboko.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, kijijini kwetu upande wa Ushirombo, wakati ambapo kila aliyemaliza darasa la saba akakosa pa kukimbilia alikabidhiwa chaki na kuambiwa afundishe elimu ya watu wazima. Nilikuwa nimeolewa, hata mwaka haujaisha. Nilipewa ghala la pamba la kijiji, ubao mmoja ulioegemezwa kwenye mizani, na wanawake kumi na wawili waliokaa juu ya magunia matupu. Tulianza saa tisa alasiri, baada ya shamba na kabla ya kuteka maji, saa ambayo mwili wa mwanamke unataka kulala tu.

Kitabu chetu kilikuwa cha kilimo bora cha pamba. Ukurasa wa kwanza: panda kwa mistari. Ukurasa wa pili: palilia mapema. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alikifunga akaniuliza, "Mwalimu, pamba tumeilima tangu alfajiri. Sasa na kusoma tuisome hiyo hiyo?" Nikafungua ukurasa wa tatu.

Mama mkwe alikuwa akipita nje ya ghala na jembe begani, hageuzi hata shingo. Nyumbani aliniambia wazi, "Mkamwana anifundishe mimi? Nikikosea atanichapa?" Alikuwa na haki yake. Kwetu mke wa mwana hamkosoi mama wa mumewe, hata kama ugali umeungua. Isitoshe, alikuwa na jambo zito kuliko a-e-i-o-u. Mwanawe, yaani mume wangu, alikuwa ameondoka baada ya mavuno kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, kwa kujificha, maana siku zile wachimbaji wadogo walikuwa wakifukuzwa kama ngedere shambani. Tangu aondoke tulikuwa tumepata salamu mara mbili. Mimi nilimkasirikia kwa kwenda, mama yake alimhofia. Tulikuwa tunamngoja mtu mmoja katika nyumba moja, na hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Kiboko aliletwa na chumvi. Dukani hakukuwa na mifuko, hivyo mwenye duka aliagiza magazeti ya zamani kutoka Kahama, akayachana na kufungia chumvi, dagaa na tumbaku. Siku moja mwanafunzi alifika na chumvi yake kwenye karatasi yenye picha: kiboko mzima amesimama langoni mwa shule, kama mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Wanawake wakataka kujua anatafuta nini pale, nikawasomea. Kumbe alikuwa ametoka majini, mkoa wa mbali huko, akaingia bustani ya shule akala kabichi zote, na watoto wakakataa katakata asipigwe. Siku hiyo hakuna aliyesinzia. Chumvi ilimiminwa kwenye pindo la khanga ili karatasi ibaki kwangu.

Wiki iliyofuata karatasi ya dagaa ikatuletea habari kwamba kiboko yuleyule amekatiza uwanja wa mpira, mchezo ukasimama, na mashabiki wa pande zote mbili wakamshangilia yeye. Tukampa jina: Msafiri. Nilikuwa naandika jina hilo ubaoni, silabi kwa silabi, nilipogeuka nikamwona mama mkwe amekaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, jembe mapajani, ili mtu akimuuliza aseme anapumzika tu.

"Huyo katoka kwao lini?" akauliza.

Nikatazama karatasi. Gazeti lilisema tangu msimu wa mavuno.

Akasogeza jembe pembeni. "Basi huyo na mwanangu wametoka pamoja," akasema. "Akifika salama huyo, na wangu atafika."

Kesho yake alikaa gunia la mbele kabisa. Sikumwambia amekosea hata mara moja. Nilisema tu, "Mama, tuisome tena wote." Darasa zima likajua maana yake. Mwishowe yeye mwenyewe akikwama alikuwa anageuka nyuma na kuwatangazia wenzake, "Haya, mwalimu anataka tuisome tena wote."

Kijiji kikapata wazimu wa kiboko. Wanawake wakaacha kununua chumvi kwa wingi, wakawa wananunua vijiko viwili leo, viwili kesho, ili karatasi ziwe nyingi. Mwenye duka alichoka hadi akawa anawauliza, "Mama, unataka chumvi au unataka kiboko?" Nao wanamjibu bila haya kwamba wanataka kiboko, chumvi aweke kidogo. Mmoja alitembea hadi Buseresere kwa shemeji yake, akarudi na rundo la karatasi alizokusanya kwa wauza maandazi, zote zimelowa mafuta, na kiboko hakuwamo hata mmoja. Tulimcheka wiki nzima.

Kanisani wakaomba Msafiri awekwe kwenye maombi ya Jumapili. Katekista akakataa, akasema mnyama haombewi. Bibi mmoja akamuuliza kwa upole, "Kama ni hivyo, Nuhu alihangaika naye wa nini?" Katekista akaenda kutafuta jibu kwa padri, na ninavyojua hakulipata.

Tatizo la gazeti la chumvi ni kwamba halina jana wala kesho. Linakuja lilivyochanwa. Siku moja tukapata kipande kilichosema bwana nyama, askari wa wanyamapori, amempiga Msafiri risasi. Vilio ghalani. Siku nne baadaye tukapata kipande kingine, Msafiri yuko stendi ya mabasi anakula viazi vya abiria, mzima wa afya. Darasa likagawanyika. Wa upande huu wakasema alipigwa akapona. Wa upande ule wakasema alikula viazi kwanza, ndipo akapigwa. Nusura washikane mashati.

Hapo ndipo nilipowafundisha tarehe. Niliwaonyesha kwamba kila ukurasa una siku, mwezi na mwaka, juu pembeni, na kwamba mwenye kutaka kujua lipi lilitangulia aangalie pale kwanza. Tukaimba miezi kumi na miwili hadi watoto nje wakaishika. Nikawapa na sheria, kwa sauti ya mwalimu asiyejua anachojitafutia: karatasi isiyo na tarehe si ushahidi. Tarehe zikaonyesha risasi ilitangulia, viazi vikafuata. Msafiri alikuwa amepona kweli, na mama mkwe alitembea kijijini siku hiyo kama aliyemtibu yeye.

Kabla ya Kwaresima nilimwandikia mume wangu, barua nikampa dereva wa lori. Sikuwa na habari tamu za kumpa, nikamwambia mama yake ana kichaa cha kiboko wa magazetini, na akiona karatasi yenye kiboko huyo aiokote. Kimya. Kwaresima ikapita, Pasaka ikapita, masika yakakatika.

Mwezi wa sita, tukiwa tunachuma pamba, dereva mwingine akashusha mzigo wetu. Ulikuwa doti moja ya khanga na nusu mche wa sabuni. Barua hakuna, maana mume wangu aliona kuandika ni kazi ya walimu. Lakini mzigo ulikuwa umefungwa kwa ukurasa mzima wa gazeti. Dereva alisema umepita mikono mingi, umelala Geita, umelala Runzewe, hajui ulianza safari lini. Mama mkwe akaingia nao chumbani kwake, akakaa humo muda mrefu kuliko sabuni inavyostahili.

Kesho yake alileta ukurasa ule darasani, akanikabidhi. Kichwa cha habari kilikuwa kwa herufi kubwa: KIBOKO KIPENZI CHA WATU AFA. Alikuwa amekutwa amekufa kando ya mto, hakuna aliyejua kwa nini, na watoto wa ile shule walikwenda kumuaga. Nilisoma polepole. Nilipomaliza, yule mwanafunzi mwenye wajukuu aliinua mkono.

"Tarehe?"

Nikatazama juu pembeni. Pembe ile haikuwepo.

"Panya wa kwenye malori," mama mkwe akasema, huku anatazama mlangoni.

"Basi si ushahidi," wakasema wote kwa pamoja. Msafiri akaendelea kuishi. Nilijivuna kwa kufundisha vizuri, wala sikujiuliza ni panya gani anayekata karatasi kwa mstari ulionyooka vile.

Wiki tatu baadaye, mchana, tulikuwa uani tunachambua pamba, tunatenga nyeupe na chafu, pamoja na majirani wawili wa darasani. Kijana akaingia na baiskeli. Alivua kofia, akamsalimu mama mkwe shikamoo, akaitikiwa, lakini kigoda akakikataa. Mtu akikataa kigoda kwetu unajua anachokuja nacho.

Alisema alikuwa machimboni pamoja na mume wangu. Duara, yaani shimo lao la kuchimbia, lilititia watu wakiwa chini, wanne, na kifusi hakikuweza kuondolewa. Yeye hakuwepo kwenye zamu, lakini aliwaona wakishuka, na mmoja alivaa koti la mume wangu, la kijani, lenye kiraka cha zambarau begani. Alitaka kuja mapema, akaugua njiani.

Kiraka kile nilikishona mimi. Nilianguka juu ya pamba nikapiga ukelele, na ile hasira yangu yote ya mwaka mzima ikageuka kitu kingine ambacho sikuweza kukibeba. Majirani wakashika vichwa. Mmoja akawa tayari amefungua khanga ya kiunoni ili tuanze kilio.

"Yaya," mama mkwe akasema. Hapana. Alikuwa amesimama. "Ngojeni kwanza. Baba, lilititia lini?"

"Jumapili ya Matawi, mama. Nakumbuka kwa sababu wenye dini hawakushuka siku ile."

Mama mkwe akashika pindo la khanga yake, akaanza kulifungua fundo kwa meno. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi, kidogo kama kiganja cha mtoto, kimekunjwa mara nne, kimelowa jasho. Akakikunjua. Akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu.

"Me," akasoma. "I." Kisha akasoma vyote pamoja. "Mei."

Alimtuma jirani chumbani kuleta ule ukurasa wa kiboko. Akautandaza juu ya jamvi, akaweka kipande chake juu pembeni, na mkato ukakutana na mkato, hata herufi moja iliyokatwa katikati ikaungana.

"Karatasi hii ilichapwa mwezi wa tano," akasema. "Jumapili ya Matawi haijawahi kuwa mwezi wa tano tangu niijue dini. Na nani mwingine huko angejua kunifungia sabuni kwa kiboko? Aliyefukiwa hafungi mzigo. Mwanangu yu hai."

Mimi, mwalimu, nilikuwa bado nimelala kifudifudi. Ilibidi aniinue kwa mkono, akakivuta kidole changu akakiweka juu ya neno lile. "Tuisome tena wote," akaniambia.

Tukaisoma.

Yule jirani mwenye wajukuu ndiye aliyechelewa kidogo, kisha akakumbuka. "Kumbe basi Msafiri amekufa kweli."

"Amekufa," mama mkwe akajibu. "Nilijua tangu nilipofungua mzigo. Niliikata mimi hiyo tarehe, nilitaka abaki kidogo." Ndipo akakaa chini, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza. Nilidhani analia kwa furaha, au kwa kiboko. Nilimshika bega. "Lile koti," akasema. "Lina mtu ndani. Na huyo mama yake hana karatasi."

Mume wangu alirudi na mvua za kwanza, amekonda, hana dhahabu hata ya kung'arishia jino. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumpokelea, yakayeyuka yote alipoinama mlangoni. Mama yake hakumuuliza ameleta nini. Alimuuliza koti alimuuzia nani. Jina hakulijua. Alikuwa kijana tu, mcheshi, wa upande wa Mhunze, na alilichukua kwa kubadilishana na unga kabla mume wangu hajahamia machimbo mengine.

Mtihani wa kisomo mama mkwe aliufaulu mwaka ule, na cheti tulikitundika ukutani. Lakini maandishi yake ya kwanza ya kweli yalikuwa barua, na hakutaka nimshike mkono. Aliiandikia parokia ya huko Mhunze, aliyoijua kwa jina tu, akiomba itangazwe kanisani kwamba kama kuna mama anayemngoja kijana aliyevaa koti la kijani lenye kiraka cha zambarau, aje kwetu, au apelekewe habari kwa upole. Ilimchukua siku mbili. Hatukupata jibu, na sijui kama ilifika.

Nakumbuka alivyoianza. Aliweka tarehe kwanza, juu pembeni, kabla hata ya salamu, akaikoleza kwa kalamu mara mbili, ili huyo mama ajue lipi lilitangulia.