Kamera Isiyo na Mkanda

Nyanchera alizaliwa njiani, na jina lake lenyewe, kwa Kikisii, linasema hivyo. Mama yake alikuwa akiteremka kilima cha Manga na mkungu wa ndizi kichwani uchungu ulipomshika. Akautua mzigo, akajifungua kando ya njia, na wanawake wawili waliokuwa wakitoka kuteka maji ndio waliompokea mtoto. Huenda ndiyo sababu alipokua hakutaka kazi nyingine ila kupokea watoto wa wenzake. Kufikia mwaka wa 1996 alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba katika wodi ya wazazi mjini Kisii, na hakuwa na mtaa wa kupita asisikie mtu akimwita, "Sista! Huyu hapa ndiye yule wako!" kisha akasukumiwa kijana mwenye ndevu amsalimie.

Mumewe, Okemwa, alikuwa mtu wa usukani. Miaka na miaka aliendesha lori la majani chai kule Nyamira, kituo hadi kituo, katika matope ambayo madereva wengine waliyakimbia. Alipostaafu alinunua pikapu ya Datsun, nyeupe kama maziwa, akawa anaiosha mwenyewe wala hamwachii mtu kitambaa. Raha hiyo haikutimiza mwaka. Asubuhi moja, nyumbani kwao Suneka, akiwa ameinama kufunga viatu, kiharusi kilimwangusha. Upande wake wa kulia ukafa ganzi. Maneno nayo, ambayo kwake hayakuwahi kuwa haba, yakawa yanatoka moja moja, kwa jasho.

Wakahamia mjini, vyumba viwili vya ghorofani juu ya duka la fundi cherehani aitwaye Machogu, ili mgonjwa awe karibu na mazoezi yake ya hospitali. Nyanchera akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na tisa. Mwalimu wake, Okemwa mwenyewe, aliketi kando yake, akimwonyesha gia hewani kwa mkono wa kushoto.

"Kla... chi," Okemwa alikuwa akisema, akimwita kwa jina la binti yao. "Klachi, Mama Bosibori."

Pikapu iliporuka kama chura, Okemwa alicheka kwa nusu ya mdomo, na kicheko hicho kilimtia mkewe moyo kuliko cheti chochote.

Shida ilikuwa mahali pa kuliegesha gari. Jengo lile halikuwa na ua, hivyo pikapu ilisimama mbele, barabarani, pamoja na magari ya watu wa soko. Madirisha yao yalitazama nyuma, kwenye ukuta wa kinu cha kusaga mahindi. Nyanchera alikwenda kazini kwa miguu, na mchana kutwa gari lilibaki peke yake. Kwanza kikaenda kioo cha pembeni. Kisha waipa zote mbili. Alipomuuliza Machogu kama hakuona mtu, fundi alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, mimi macho yangu yako kwenye sindano. Nikiyainua, nashona kidole."

Mwezi wa Mei, Alhamisi moja saa sita mchana, Nyanchera alirudi kumchukua mumewe kwenda mazoezi. Akamteremsha ngazi, kidato kwa kidato, akamketisha garini, akazungusha ufunguo. Kimya. Alipofungua boneti, mahali pa betri palikuwa patupu.

Ikabidi wapande tena ngazi zilezile. Okemwa alipofika kwenye kiti chake alikigeukia kile kidirisha cha nyuma, na mkewe akaona mabega yake yakitikisika.

"Niko hapa," alisema. "Siku nzima... niko hapa. Kama gunia."

Nyanchera alikwisha kuwaona wanaume wakilia. Wodi ya wazazi haiwafichi. Lakini huyu hakuwahi kumwona akilia, hata siku alipomzika mama yake. Akakaa naye, akamshika ule mkono usiohisi kitu, kisha akauachia akashika ule wa pili.

Jumatatu iliyofuata alinunua betri nyingine, kisha akaenda kwa Hasmukh, muuza redio na televisheni, ambaye alikuwa ametundika kamera juu ya mlango wa duka lake, na watu wa mjini walikuwa wakisimama chini yake wakijitazama kwenye kioo cha televisheni dukani. Hasmukh alimfahamu vizuri. Watoto wake wote wawili, Vivek na Trisha, walipitia mikononi mwa Nyanchera.

"Sista, kwa gari la barabarani nina kamera za aina mbili," alisema, akiziweka mezani. "Hii ina mashine ya kurekodi. Unatia mkanda asubuhi, unakwenda kazini kwako. Jioni unarudisha mkanda nyuma, unamwona mwizi mpaka viatu vyake. Inajitazamia yenyewe, haihitaji mtu."

"Na ile?"

"Hii ni jicho tu, na kioo chake kidogo, na waya. Inaonyesha kinachotokea sasa hivi, basi. Haiweki chochote. Wa kutazama asipokuwepo, ni kama hukununua kitu."

"Lazima mtu akae mbele yake?"

"Kutwa nzima! Hiyo ndiyo kasoro yake."

Nyanchera aliitazama ile ya kwanza, akaitazama ya pili. Akauliza kama kioo kinaumiza macho. Akauliza kama mtu wa mkono mmoja anaweza kukiwasha. Hasmukh akamwonyesha kitufe, kikubwa kama kifungo cha koti.

"Nifungie hii ya jicho tu," Nyanchera alisema.

"Sista, mimi nakushauri kama ndugu—"

"Nimesikia, ndugu yangu. Nifungie hii."

Fundi wa Hasmukh alikuja akaifunga kamera kwenye ukingo wa paa la mbele, akapitisha waya kwenye korido mpaka chumbani. Okemwa aliyafuata yote kwa uso uliofungwa. Kioo kilipowaka, kikaonyesha barabara ya rangi ya kijivu na nusu ya gari.

"Televisheni," alisema, "isiyo na... habari."

Lakini fundi alipoanza kukusanya vyombo vyake, ile fimbo ya kutembelea iliinuka.

"Chini. Shusha. Magurudumu... hayaonekani."

Fundi akapanda tena. Kulia kidogo, kushoto kidogo, chini tena, hadi akakoma kuhesabu safari zake za ngazi. Mwishowe gari zima likaonekana, kuanzia taa hadi kibao cha nyuma. Okemwa akavuta kiti.

Wiki mbili hazikuleta mwizi. Zilileta mambo mengine. Nyanchera akirudi jioni alikuta habari zikimngoja: mwenye lori la viazi ameegesha vibaya, mbuzi amepanda nyuma ya pikapu, mama muuza mboga za chinsaga amehamia upande wa kivuli. Jioni moja, akiwa tayari ameshika ufunguo ili aende kumwona mama aliyejifungua huko Marani, alizuiwa.

"Tairi la nyuma. Kushoto. Tangu adhuhuri... linaisha upepo."

Akashuka kutazama. Kwa macho yake hakuona kitu, lakini fundi wa pancha alitoa msumari wa urefu wa kidole.

Kisha Jumatano moja, saa nne asubuhi, mwanamume wa ovaroli ya buluu alisimama mbele ya pikapu, akafungua boneti bila haraka, kama mtu aliyetumwa. Wapita njia walimpita. Okemwa alisogea karibu na kioo. Makanika hutazama injini; huyu alikuwa akitazama watu. Okemwa akajaribu kuita, sauti ikakwama. Akaikamata fimbo kwa mkono wa kushoto, akaipiga sakafu ya mbao, mara tatu, akapumua, mara tatu tena, hadi vumbi likamwangukia Machogu kwenye suti ya arusi aliyokuwa akiishona.

Machogu alitoka mbio, utepe shingoni, mkasi mkononi, akaiona boneti iko wazi.

"Wewe! Nani amekutuma?"

"Mama mwenye gari," akajibu yule mtu, spana iko kwenye betri.

"Anaitwa nani?"

Mtu akababaika. Mjini kote, nani asiyejua jina la Sista Nyanchera? Mama muuza chinsaga akainuka, na wengine wakainuka, na mtu wa ovaroli akatimua mbio kuelekea stendi, spana akaiacha. Hakuonekana tena mtaa ule.

Habari zilifika wodini kabla ya chakula cha mchana. Nyanchera alipata ruhusa akaja na sare yake, akihema. Ngazini Machogu alitaka kumsimulia.

"Ngoja," akamwambia. "Niache nimsikie mwenyewe."

Okemwa alisimulia. Ilimchukua robo saa. Kuna neno lilimkwama, "ovaroli", akalihangaikia hadi mishipa ya shingo ikasimama, na mkewe, aliyekuwa analijua, hakumpa. Akangoja. Neno likaja. Wote wawili wakacheka hadi machozi.

Mvua za Agosti ziliponyesha, Hasmukh mwenyewe alikuja kukagua waya. Akanywa chai, akamsifu mzee, halafu akasema kwa wema wake wote, "Lakini Sista, ungenisikiliza ukachukua ile yenye mkanda, mzee angekuwa anapumzika."

Hasmukh alipoondoka, Okemwa alimgeukia mkewe.

"Kulikuwa na nyingine?" Okemwa akauliza.

"Ilikuwepo."

"Inayojitazamia?"

"Ndiyo, Baba Bosibori."

Usiku Okemwa alikula ugali wake akiwa amekipa kioo mgongo, na Nyanchera akalala akijilaumu. Alikuwa amemtunza mtu mzima kwa hila, kama mtoto anayepewa chungu kitupu akoroge wenzake wakipika.

Alfajiri aliamshwa na fimbo ikigonga kitanda. Okemwa alikuwa amekwisha kuketi, taulo begani, kikombe cha sabuni mkononi.

"Ninyoe mapema," alisema. "Saa moja na nusu... watu wa soko wanaanza kuegesha."

Nyanchera akawasha taa, akaulaza wembe kwenye shavu lile lililolegea, na akaanza, polepole, kutoka sikioni.