Kete za Mwangangi

Siku za mashine ya figo, Mwangangi hurudi Kiganjo kutoka hospitalini damu imesafishwa, lakini akili imejifunika mawingu kama mlima adhuhuri. Polisi huyu mstaafu, bingwa wa drafti kambini, sasa huinua kete yake ya kizibo cha soda, kisha akasahau alikuwa anakipeleka wapi. Abdulkadir, rafiki yake wa kazini, humwacha ashinde.

Nduku, mkewe, huwatazama akimenya viazi, na moyo unamchoma. Daktari aliwapa njia mbili za kusafisha damu: mashine ya hospitali, au maji ya kuingizwa tumboni kwa mpira, kazi ya kila siku nyumbani.

"Nyumbani hakuna nafasi," Nduku alidakia kabla mumewe hajafungua kinywa.

Nafasi! Chumba cha mwana wao Lennox kilikuwa kitupu tangu aoe. Alichokataa ni wanawake wa chama kuja kunywa chai na kuona mifuko ya maji ikining'inia. Juzi alimuuliza daktari kama njia ile nyingine ingemwachia mzee akili zake.

"Huenda, mama. Wagonjwa hawafanani."

Hiyo "huenda" imemganda kama ruba.

"Mengi nimesahau, Abdul," Mwangangi alisema leo, kizibo mkononi, "lakini ile siku ya daktari, hapana. Mimi nilishindwa kuchagua. Huyu ndiye alijua kilicho bora kwangu. Mama Lennox, hebu mwambie vile ulinichagulia."

Nduku akainama, akaendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimekwisha kumenywa.