Bega la Pindo

Katika chumba cha kushonea sare za shule, kila fundi aliitwa kwa kazi yake. Aliyeshona pindo miaka ishirini na mbili aliitwa Pindo, na jirani yake wa meza, mama asiyejua kunyamaza, aliitwa Bibi Vifungo. Msimamizi wao walimpa majina matatu, yote nyuma ya mgongo wake, na hakuna hata moja linalofaa kuandikwa hapa.

Pindo ndiye aliyemfundisha msimamizi huyo muziki. Marehemu baba yake, mpiga tarumbeta, alimwachia vitabu vya noti na neno alilolipenda kuliko yote: tutti. Huandikwa pale mwimbaji wa peke yake anapomaliza, ili wote walionyamaza waingie kwa pamoja. "Si kufanana, mwanangu," mzee alizoea kusema. "Kila mtu na sauti yake, ila mlango mmoja." Hayo yote Pindo alimpa msimamizi saa za mapumziko, mpaka mtu asiyejua noti hata moja akawa Mwalimu wa kwaya ya kiwanda.

Shukrani ya punda ni mateke. Mashindano yalipokaribia, Mwalimu alimpa shemeji yake ile sehemu ya peke yake ambayo Pindo aliiimba miaka yote. Pindo akameza uchungu huo. Siku ya mazoezi ya mwisho, mbele ya kwaya nzima ya watu arobaini, Mwalimu akagonga meza.

"Dada Pindo, tutti maana yake nisikie sauti moja. Yako inachomoza kama sindano kwenye kiti. Kesho fungua mdomo tu. Nisikusikie kabisa."

Shemeji akacheka. Uso wa Pindo ukawaka moto, maana alikuwa amechapwa kwa neno la baba yake mwenyewe.

"Sawa, Mwalimu," akasema. Moyoni akaongeza: utanitambua.

Tena alikuwa na uwezo huo. Miaka yote mafundi waliimba huku wakishona, na Pindo, mikono yake ikiwa kwenye kitambaa, aliwaongoza kwa bega. Likipanda, wanavuta pumzi, likishuka, wanaimba. Hata kwenye kwaya hawakuacha mazoea hayo. Mwalimu alirusha mikono akidhani wanamfuata yeye, masikini ya Mungu, kumbe macho yote yalikuwa kwa mama wa katikati, mstari wa mbele.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, mwenye kiwanda kakaa mbele kabisa na mkewe. Shemeji aliimba vizuri, haki yake apewe. Akamaliza. Mwalimu akatupa mikono juu.

Pindo alifungua mdomo wazi, kama alivyoagizwa. Bega halikutikisika.

Kimya. Mwalimu akarusha mikono tena. Mtu akakohoa. Mara ya tatu, jasho likimtiririka, akaanza kuimba mwenyewe ili awavute, na sauti yake ikatoka nyembamba, yenye nyufa, peke yake katika ukumbi mzima. Kicheko kilianzia viti vya nyuma kikashuka hadi kwa mwenye kiwanda. Pindo alimtazama Mwalimu machoni, mdomo bado wazi, na utamu alioupata hakuwahi kuupata maishani.

Nyuma ya pazia Mwalimu alimjia juu. "Umeniua!"

"Mimi? Ulisema usinisikie. Umenisikia?"

Mwalimu akawageukia wengine. "Na nyie je? Nani kawaambia mnyamaze?"

Pindo akatazama chini. Hao nao walikuwa wameaibika kwa kisasi chake, na sasa wangemla mbichi.

Bibi Vifungo akajitokeza mbele, mikono kiunoni. "Si ulisema tutti, Mwalimu? Wote. Basi sisi tulikuwa tunamngoja mwenzetu."

Pindo akafuta macho kwa ukingo wa gauni lake, kisha akainua bega. Watu thelathini na tisa wakavuta pumzi, na wimbo ule ukatoka wote, kila mtu na sauti yake, Mwalimu akiwa amesimama katikati yao, mikono imemning'inia.