Ubao wa Maoni Pale Buzuruga

Miaka ile ya soko huria, kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanyia kazi kilitupunguza kwa hotuba ndefu na soda moja moja. Shangazi yangu, mjane aliyeuza chakula Buzuruga, kando ya barabara ya Musoma, akanichukua nimsaidie kupakua. Balaa ni kwamba wakati huo kila aliyepunguzwa kazini alikuwa akifungua mgahawa. Ng'ambo ya barabara jirani mmoja aliweka viti vya plastiki na redio kubwa. Sisi tulikuwa na mabenchi, na mdomo wa shangazi.

Wateja walipoanza kuvuka kwenda kule, nikamwambia tuwaulize kasoro zetu.

"Wakinitukana niwashukuru?" akauliza.

Nikapaka plaiwudi rangi nyeusi, nikaitundika mlangoni pamoja na kopo la chaki. Juu kabisa shangazi akaandika mwenyewe: KALIBU. SEMA UKWELI.

Mteja wa kwanza kuandika alikuwa mwalimu. "Ni KARIBU, siyo KALIBU." Shangazi akashika chaki, akajibu chini yake: "Umeelewa, umeingia, umeshiba."

"Shangazi, mteja hajibiwi hivyo!"

"Nimemuuliza chakula, yeye ananisahihishia daftari."

Nikajua tumekwisha. Kesho yake mtu akaandika, "Wali una mawe." Shangazi akajibu, "Uko Mwanza, mji wa miamba, ulitegemea nini?" Mwingine akaandika, "Mpishi ana hasira." Jibu: "Nani kasema? Ajitokeze!"

Badala ya kukimbia, watu wakaanza kuja kusoma. Makonda wa mabasi waliwasimulia abiria majibu ya shangazi, abiria wakashuka kuyaona, na wakishafika mlangoni harufu ya sato wa kukaanga ikamaliza kazi. Mchele nao, bila yeye kukiri lolote, ukaanza kuchambuliwa mara mbili.

Siku moja mzee fundi baiskeli, mteja wetu wa miaka, akaandika polepole: "Chai inanuka samaki." Shangazi akairudisha chaki koponi. Akaingia jikoni, akanisogezea sufuria ya chai puani.

"Nusa."

"Sato, shangazi. Tena mkubwa."

Hakucheka. Mchana uleule alinunua birika jipya, akaapa kwamba atakayeligusa kwa mikono ya samaki atalala njaa. Ubaoni akaandika neno moja: "Kweli."

Mzee aliporudi, shangazi akamwamkia, "Shikamoo mzee," akammiminia kikombe, kisha akamsimamia kama askari.

"Inanukaje?"

"Marahaba. Inanuka tangawizi."

"Basi andika!" Akaandika. Tangu siku hiyo asubuhi ilikuwa vigumu kupata pa kukaa.

Halafu likatokea la kuchafua hewa. Saa ya chakula cha mchana tukakuta maandishi makubwa: "Nilikula kuku hapa, nikaharisha mpaka Bunda." Abiria wawili wakaweka vijiko chini. Mimi nikakimbilia kitambaa nifute. Shangazi akanishika shati.

"Acha! Jamani, kuna aliyewahi kula kuku hapa?"

Hatukuwahi kupika kuku hata siku moja.

"Labda alikosea barabara!" konda mmoja akapaza sauti. Mgahawa mzima ukageuka kumtazama jirani, ambaye kuku ndiye aliyekuwa fahari yake, kisha ukaangua kicheko.

Jioni jirani akaja, kofia mkononi. "Dada, nakuomba ufute. Watu wananiuliza kuku wangu."

"Uliandika wewe?"

"Wallahi sikuandika."

Mpaka leo sijui kama shangazi alimwamini. Akafuta kwa kiganja chake, akamkaribisha chai, akamwambia naye atundike ubao.

Alitundika. Shangazi alikuwa wa kwanza kuvuka. Alikula robo kuku bila haraka, akanawa, akaandika "Chumvi nyingi," kisha akarudi jikoni akiimba.