Nadhiri ya Kutoinama

Mama yangu alininyima kiti. Kilikuwepo, kigoda kizuri cha mti, kando ya ungo aliokuwa anapukuchulia mahindi. Lakini nilipoingia uani na kumwamkia, alikivuta kwa mguu na kuweka juu yake bakuli la magunzi. Kisha akamgeukia mke wa kaka yangu, anayeishi naye pale kijijini nje kidogo ya Igwachanya, akasema, "Mwulize huyo bosi amekuja kununua nini."

Kosa langu lilikuwa salamu. Kwa mama, binti hamwamkii mzazi akiwa wima, hata kama binti mwenyewe ana wajukuu. Unashuka magoti yote mawili, unainama, unanyoosha mikono, unasema "Kamwene," na unabaki hukohuko chini mpaka ajibu. Naye hujibu akishamaliza alichokuwa anafanya. Mimi siku hiyo nilisimama mbele yake nimenyooka kama askari wa gwaride, nikasema "Kamwene, mama," huku nikiangalia bati la jikoni. Hakujibu. Niliondoka jioni bila kujibiwa, na wifi yangu alinisindikiza njiani akinisemesha mambo ya viazi ili tusizungumzie lililotokea.

Sikuwa na kiburi. Nilikuwa na diski.

Nina duka la mbolea na mbegu Makambako, na sijui kusubiri. Mume wangu, mstaafu wa reli, husema ningekuwa treni ningefika kabla sijaondoka. Basi siku moja mpakiaji wetu alikuwa anakunywa chai yake kwa raha zake, mteja kasimama, mfuko wa mbolea uko palepale. Nikauinua mwenyewe. Mfuko ulifika kwenye pikipiki ya mteja. Mimi nilibaki kizingitini nimekunjika, moto unashuka kutoka kiunoni, unapita pajani, unaishia kwenye kidole gumba cha mguu.

Hospitali Njombe daktari alinionyesha picha. Akaeleza kwamba katikati ya pingili za mgongo kuna vitu kama vijimto, viitwavyo diski, na kimoja changu kimebanwa upande huu kikatokeza upande wa pili, sasa kinaugusa mshipa wa fahamu. Akasema wengi hupona bila kupasuliwa wakiwa na subira. Aliposema subira, mume wangu alikohoa.

Ningeweza kumwambia mama, yakaisha. Lakini baba yetu alianza na mgongo. Nilikuwa nimeolewa mbali wakati huo, na nilichojua ni kwamba alilala akisema mgongo, halafu tukaitwa kuzika. Tangu hapo neno hilo halitajwi mbele ya mama. Kaka aliwahi kusema mgongo umemkaza baada ya kuvuna viazi, na mama akaanza kulia, akataka wapelekwe watu kuniita. Niliogopa kumwua kwa neno moja. Nikaona heri anione nina majivuno kuliko aanze kunililia nikiwa hai. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: mgongo uweze kushuka mpaka chini mbele yake na kurudi, kabla mmoja wetu hajaondoka duniani.

Binti yangu wa Dar es Salaam akasema, "Mama, fanya yoga. Inasaidia mgongo." Akanitumia video kwenye simu. Mwalimu alikuwa dada mmoja mwembamba, yuko juani, kavaa nguo ambayo hapa Makambako ungezikwa nayo kabla ya saa nne asubuhi, na anaongea polepole kama msomaji wa matangazo ya vifo redioni. Mimi nilivaa suruali ya mume wangu, sweta mbili, soksi na kilemba, nikatandika blanketi sakafuni. Dada akasema tuachie mwili. Wangu ulikuwa unatetemeka kwa baridi, lakini nikauachia.

Video zilikuwa nyingi. Mimi nikachagua ya kuinama, kwa sababu ndiyo niliyokuwa na shida nayo. Niliona ni jambo la akili kabisa: ukishindwa hesabu, unafanya hesabu. Dada akasema, nyoosha miguu, inama, acha kichwa kining'inie, gusa sakafu. Yeye akaweka viganja vyote viwili chini kama anayefuta maji. Nami siwezi kushindwa na mtu aliye ndani ya simu. Nikajisukuma. Kitu kikalia kiunoni, na nikabaki hapo nimeangalia magoti yangu mwenyewe.

Mume wangu akaingia na chupa ya chai. Akasimama. "Unatafuta nini?"

"Pumzi," nikamwambia.

Hapo ndipo niliporudishwa Njombe, nimelala ubavu kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, kila tuta nikilitaja kwa majina yasiyofaa kuandikwa. Safari hii nilipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanaume mpole mwenye mikono mikubwa na sauti ya besi ya kwaya. Nikamwonyesha ile video. Aliitazama mpaka mwisho, kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "naomba uache kushindana na simu."

Akanieleza kwamba yoga yenyewe si adui. Adui ni kuinama kwa kuukunja mgongo, na kujipinda kiuno kama unayekamua nguo. Mtu mwenye diski iliyotokeza akifanya hayo anaisukuma itokeze zaidi. Akasema yako mengine kwenye hiyohiyo yoga yanayonifaa, ila tuyachague pamoja. Akanilaza kifudifudi, mikono chini ya paji la uso, nipumue tu. Siku zilizofuata akaniongezea kujiinua kidogo kwa viwiko, kifua juu, nyonga chini. Halafu kupiga magoti na viganja kama paka, mgongo ukicheza kidogo sana, si paka aliyeona mbwa. Kanuni yake ilikuwa mguu. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, ni habari njema hata kama kiuno kinalalamika. Yakishuka kwenda mguuni, niache hapohapo, nisijikaze kisabuni. Na nikifa ganzi sehemu za siri au nikishindwa kuzuia mkojo, nisimpigie binti yangu wala mtu yeyote, nije hospitali mbio.

"Na kuinama kwa mama yangu?" nikauliza.

"Huko utashuka, hutainama. Mgongo ubaki ubao, nyonga ndiyo iwe bawaba. Lakini bado."

"Lini?"

"Mguu utakuambia."

Nilimchukia kidogo, lakini nikafuata. Kila mchana, duka likipoa, nilikwenda nyumbani, nikatandika shuka jeupe juu ya blanketi, nikalala kifudifudi sebuleni nikipumua na kusubiri mguu useme.

Sasa, parokiani kwetu ndiyo kwanza kijana wetu mmoja alikuwa amepewa upadre. Watu wote walimwona akilala kifudifudi mbele ya altare huku kanisa zima likiimba litania ya watakatifu, na akina mama wa jumuiya yetu walikuwa hawajamaliza kulia kwa furaha. Wakasikia kwamba ninaumwa. Wakaamua kuja kunijulia hali, mlango ukawa wazi, wakanikuta sebuleni, nimelala kifudifudi juu ya shuka jeupe, paji la uso juu ya mikono, kimya.

Sikuwaona. Niliwasikia wakisita mlangoni, kisha viatu vikavuliwa, kisha magoti mengi yakashuka kwenye sakafu yangu. Nikataka kusema jambo. Lakini mtaalamu alinikataza kuinuka ghafla: nigeuke ubavu kwanza, nikunje miguu, nijisukume kwa mkono, polepole. Kabla sijaanza hata kugeuka, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili, akaanza litania.

Wewe ungefanya nini? Waliimba wote. Wakafika kwa mitume, wakaingia kwa mashahidi. Kila mtakatifu akitajwa wanaitikia "utuombee," na mimi, mdomo umezama kwenye shuka, nikajikuta naitikia pia. Kicheko kilinishika pale kati. Mwenye diski hapaswi kucheka, kwa hiyo nikakibana, mabega yakawa yanaruka, na nikasikia mmoja wao akinong'ona, "Analia. Mwacheni, anazungumza na Mungu." Hapo ndipo machozi yalipotoka kweli.

Walipomaliza nikageuka ubavu, nikakunja miguu, nikajisukuma, nikakaa kitini. Kwa heshima waliyokuwa nayo, hakuna aliyenisaidia. Mwenyekiti akanishika mkono. "Mama, umeweka nadhiri gani?"

Nilipaswa kusema diski. Lakini yule mama ana binamu kila kijiji kutoka Makambako hadi Igwachanya, na nilichomwambia asubuhi mama yangu angekijua kabla ya chakula cha mchana. Nikaogopa neno mgongo. Nikasema la kwanza lililonijia: "Nimekatazwa kuinama."

"Na Mungu?"

Nilichelewa kujibu.

Wiki hiyohiyo wifi yangu akanipigia simu, ananong'ona, nadhani alikuwa nyuma ya zizi. "Wifi, huku kuna habari kwamba umeweka nadhiri ya kutomwinamia mwanadamu yeyote. Ni Mungu tu."

"Nani kasema?"

"Wote. Mama anasema kama ni hivyo, hata kaburi lake usije kulisimamia."

Nilikaa juu ya mfuko wa mbolea, kitu nilichokatazwa pia, nikalia mbele ya wateja. Mpakiaji akaniletea chai yake. Maneno ya watu sikuyajali, nimefanya biashara sokoni muda mrefu. Niliumia kwamba mama ameyaamini, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyempa sababu.

Nikaenda Njombe bila miadi. Mtaalamu akaniuliza mguu unasemaje. Nikamwambia moto umekwishapanda, sasa unakaa kiunoni tu, unanung'unika. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema tuanze kushuka. Mguu mmoja nyuma. Mkono juu ya paja la mbele, ubebe uzito. Goti la nyuma lishuke, kisha la pili. Kifua mbele, tako nyuma, mgongo usijikunje. Kurudi ni njia ileile. Niliifanyia mazoezi dukani, nyuma ya kaunta, na wateja walizoea kuniona nazama na kuibuka. Mume wangu alinishikia kiti mwanzoni, baadaye akaacha kukishika, akakaa juu yake kunitazama.

Siku niliyokwenda, mama alikuwa palepale uani, ungo mapajani, anapukuchua. Wifi aliponiona aliingia ndani, lakini dirisha likafunguka. Mama hakuinua uso. Nilisimama mbele yake. Nikarudisha mguu mmoja nyuma. Nikaweka mkono juu ya paja. Nikashuka, goti moja, la pili, mgongo ubao, nikanyoosha mikono.

"Kamwene, mama."

Vidole vyake vikasimama juu ya gunzi. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama paja langu, pale nilipokuwa nimeegemeza mkono.

"Nani kakufundisha kushuka hivyo?"

"Hospitali."

"Unaumwa mgongo," akasema.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimejiandaa kukataa tangu Makambako. Lakini nilikuwa chini pale, naye yuko karibu, na harufu yake ya moshi wa jikoni ilinimaliza nguvu. Nikasema, "Ndiyo, mama. Diski. Wanasema nitapona. Nimeanza kupona. Sikutaka uogope."

Hakulia. Aliweka ungo chini, taratibu, punje hata moja haikumwagika.

"Baba yako alishika paja hivyohivyo," akasema. "Nikimletea maji ya kunawa hainami. Nikiweka chakula chini hakichukui, anasema hana njaa. Mimi nikasema huyu ananidharau, huyu ana mwanamke mahali. Nikamnunia. Msimu mzima wa kupalilia sikumsemesha. Kumbe alikuwa anaumwa, ananificha nisiogope. Siku aliyolala ndipo nilipojua, na hakukuwa na muda tena wa kuongea."

Nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo.

"Na wewe," akasema, "ulitaka nikununie mpaka lini?"

Nililia kama mtoto, huku mgongo umenyooka, kwa sababu sikuwa na namna nyingine. Naye akaninyooshea mikono yote miwili, akaishika yangu, akasema, "Kamwene, mwanangu. Inuka sasa."

"Siwezi kuinuka haraka, mama. Ni mguu mmoja kwanza."

"Basi mguu mmoja kwanza," akasema, na hakuniachia mikono.