Kisiwa cha Tausi wa Majengo

Ungemwuliza Tausi ni kitu gani chema mji wa Thika ulichowahi kumpa, angefikiri kidogo kwa adabu, kisha angekujibu kwamba hakuna. Mume alimpatia hapa, ni kweli, na mtoto pia, na biashara ya mahamri iliyomfanya ajulikane kuanzia Majengo mpaka kwenye lango la kiwanda cha ngozi. Lakini hayo yote, kwa maelezo yake, yangepatikana Lamu, tena matamu zaidi.

Lamu aliijua utotoni. Babake alikuwa Mlamu aliyepanda bara kuwapikia Wazungu, na kila alipopewa likizo alimchukua binti yake wakaenda kwao, huku mamake, Mbithe, Mkamba asiye na haja na maji yasiyonyweka, akibaki kuchunga mbuzi. Walipanda garimoshi, kisha wakapanda meli ndogo iliyomtapisha kila abiria isipokuwa Tausi, na shahidi wa jambo hilo ni Tausi mwenyewe. Kule walifikia kwa shangazi. Mtoto aliamka, akakimbilia pwani, akajirusha majini kutoka ukutani pamoja na wavulana, akampanda punda wa mwenyewe bila ruhusa, akarudi jioni chumvi imemkauka mgongoni. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi. Wanawake wazima walishinda ndani mchana kutwa, na Tausi, kwa akili yake ya utoto, aliamua kwamba ni wavivu.

Kisha babake akafariki kabla Tausi hajavunja ungo, na safari zikafa pamoja naye. Kisiwa, hata hivyo, hakikufa. Kiliendelea kunenepa kila mwaka, Tausi akikilisha kwa mdomo. Chumvi ya Thika haikolei. Samaki wa Mto Chania ananuka tope. Jua la Thika ni la kuazima. Kufikia mwaka wa hamsini na sita, majirani ambao hawajawahi kuona bahari waliijua kuliko walivyoijua njia ya posta.

Aliyemvumilia zaidi alikuwa Wamboi, mwuza kabichi kutoka Gatongora kule Ruiru. Siku zile za Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Wamboi, kama kila Mkikuyu, hakuweza kutoka Ruiru kuja Thika bila karatasi ya ruhusa, na kabla ya jua kuzama alitakiwa awe amerudi kijijini mwao, kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Serikali ilisema ni kwa usalama wake, na Wamboi, kwa kuwa hakuulizwa, hakubisha. Akishauza kabichi zake huketi kwenye benchi la Tausi, akanunua hamri moja, akaomba bahari.

"Hebu niambie tena, Mama Mishi. Hayo maji iko na mwisho?"

"Hayana mwisho."

"Na hakuna mtu anakuuliza karatasi?"

"Nani akuulize? Unatoka tu."

Wamboi hutafuna polepole akiifikiria nchi ambayo mtu anatoka tu.

Mwaka huo Tausi akatangaza kwamba anarudi. Mumewe, Ali, fundi wa cherehani na mtu wa maneno machache, alikubali upesi mno. "Nenda, mke wangu," alisema. "Labda ukishaiona utanyamaza." Tausi alinunua leso mpya. Alipanga kila kitu kwa sauti, mtaa mzima usikie: atafika asubuhi, atawasalimu wazee, na kabla chai haijapoa atakuwa ameshajirusha kutoka kwenye ukuta uleule.

"Kwa mwili huo?" Ali aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Bahari itahamia Mombasa."

Binti yao, Mishi, mwenye miaka tisa, naye aliomba kwenda. Alilia siku mbili. Tausi alimwambia ana shule, kana kwamba mtoto akikosekana darasani ukuta utaanguka. Ukweli ni kwamba hakutaka kugawana. Yale majigambo yote yalikuwa yamefunika hofu moja: bahari ilikuwa inamtoroka. Alikuwa na maneno yake yote, lakini akifumba macho hakuisikia tena ile baridi ya kwanza inapompanda kiunoni. Alitaka kuisikia mara moja tu, magoti yakiwa bado yake. Hilo hakumwambia mtu, maana halikuwa la kujivunia.

Mtu wa kumsindikiza alipatikana. Idarous, mtoto wa shangazi yule, alipanda bara kwa mara ya kwanza kuuza papa mkavu na halua, na ujumbe ukamfikia kwamba binamu yake wa Thika anataka kuja kwao. Alifika Majengo na mizigo yake, mtaa ukajua kwa pua kabla ya macho. Alikuwa kijana mpole, kofia safi, salamu ndefu. Tausi alimwandalia chai na mahamri, akamwita Wamboi aje aone mtu wa Lamu halisi, kama ushahidi.

"Mama anakungoja kwa hamu, dada," Idarous alisema. "Amekwishatayarisha chumba cha ndani."

"Chumba nitakijua usiku," Tausi alijibu. "Mimi mchana nitakuwa pwani."

Idarous alitabasamu akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayetabasamu, aliweka kikombe chini.

"Dada, wewe ni mke wa mtu. Mke wa mtu, tena wa nyumba yetu, atafuata nini pwani mchana? Ukitaka kuwazuru jamaa, giza likiingia mtatoka na wanawake wenzako, mmejifunika vizuri. Kuogelea ni kwa watoto na wanaume."

"Lakini mimi nilikuwa naogelea."

"Ulikuwa mtoto."

Tausi aligeuka kumtazama Ali. Ali, ambaye miaka yote alikuwa akiomba siku moja mkewe akose la kusema, aliipata siku yenyewe na hakuifurahia. Alishona mstari ambao haukuwa na kitambaa.

Ni Wamboi aliyeingilia kati. Alikuwa amesikiliza kwa makini, kama mtu anayepimiwa unga, na sasa aliuliza kwa upole kabisa: "Kwani hata huko iko Imajensi?"

Idarous hakuelewa swali. Tausi alilielewa, na lilimwingia. Aliwakumbuka wale wanawake wavivu wa utoto wake, shangazi yake miongoni mwao, waliokuwa wakimpokea jioni na kumkung'uta mchanga nyweleni. Walikuwa wakimwuliza maji leo yako vipi. Kila siku walimwuliza, na yeye akidhani wanampigia soga tu.

Hakula usiku ule. Asubuhi alikanda unga kwa hasira mpaka Ali akauhurumia. Angeweza kwenda, ndiyo. Angekaa chumba cha ndani, mita chache kutoka kwenye bahari yake, akaisikiliza kupitia dirishani kama mgonjwa anayesikiliza arusi ya jirani. Aliwaza pia kuvunja safari, abaki na kisiwa chake cha mdomoni, ambacho hakina ndugu wa kumkataza. Kisha Mishi akapita mbio uani, miguu mitupu, akimfukuza kuku asiye na kosa, na Tausi akatulia mikono ikiwa ndani ya unga. Miaka tisa. Ikipita miwili, mitatu, mlango utafungwa, na haitajalisha mtoto huyo ni wa Thika au wa wapi.

"Idarous," aliita. "Utamchukua huyu."

"Na wewe, dada?"

"Mimi nina wateja."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuisingizia Thika jambo jema.

Siku ya safari shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo ukuta wake haukuanguka. Walisimama kwenye stendi ya mabasi, Wamboi naye akiwa na karatasi yake mkononi. Tausi alimfunga mtoto leso ile mpya, akamwinamia sikioni.

"Wakikuambia kaa ndani, toka. Ingia maji mpaka shingoni. Ukirudi hutanieleza habari za mji wala za jamaa, nimezijua. Utanieleza yalivyokuwa baridi."

"Kwa nini huji, Mama?"

"Nilichelewa," Tausi alisema.

Basi la Nairobi liliondoka saa sita mchana, jua likiwaka juu ya Thika nzima. Wamboi alimgusa bega, akaenda kuwahi gari la Ruiru kabla karatasi yake haijaisha nguvu. Tausi alibaki kando ya barabara, katikati ya wapagazi, makuli wa kiwandani na wanaume wa kila kabila waliokuwa wakipita, akalia kwa sauti, uso wazi, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia aingie ndani.