Kayak ya kuvulia kwa mtu mrefu na mzito: kilo nilizoficha, na mkono wa shemeji yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Wale wa Kigoma ni majirani zetu kabisa, maji tunayonawa ni yale yale.

Juzi niliona mtu hapa jukwaani anauliza achague kayak gani ya kuvulia, yeye ni mrefu na ana mwili. Majibu mengi yalikuwa utani. Nikaanza kumjibu, nikaona comment haitatosha.

Nitaeleza yote kama yalivyokuwa, hata yale yanayonivunjia heshima. Kuna mtu ndani ya nyumba yangu ambaye bado hajayasikia.

Mimi nina mita moja na sentimita tisini na tano. Kiatu namba arobaini na saba, nikikipata. Kilo tutazifikia.

Huku kwetu mwili mkubwa ni sifa. Ukipita sokoni wanakuita patron, yaani bosi, hata kama mfukoni hakuna kitu. Ila ukishuka ufukweni mambo yanageuka. Nilivua miaka mingi kwenye mitumbwi ya watu, na kila nilipokaa, upande wangu ulilala. Wenzangu wakanipa jina la Kontena. Mwanzoni tulicheka wote.

Baadaye nahodha akawa anapanga watu bila mimi. Siku moja akaniambia wazi kwamba nafasi ninayokalia ni ya watu wawili, na samaki ninaovuta ni wa mtu mmoja. Hakukosea.

Nikakaa nyumbani miezi mingi, nikila jasho la mke wangu, Mama Furaha, anayeuza samaki sokoni. Mwanaume uliyezoea kuleta samaki, leo umekaa mlangoni unasubiri mke arudi na unga. Iliniuma sana, sitaki kudanganya.

Hapo ndipo kayak ilipokuja.

Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi Bujumbura alikuwa anarudi kwao, anauza vitu vyake. Shemeji yangu Shukuru, mdogo wake Mama Furaha, akaona picha kwenye WhatsApp akaniletea. Shukuru ni mvuvi, mfupi, mwembamba, ana mtumbwi wake mdogo wa mbao. Chombo chochote kinachoelea anakijua. Akasema nikiwa na chombo changu peke yangu, hakuna wa kunipanga wala kunipangua.

Kayak yenyewe ilikuwa ya plastiki, urefu mita tatu, upana sentimita sitini na tano, ya kuingiza miguu ndani, yaani sit-in. Ubavuni imeandikwa max load kilo 135.

Tulikuwa sokoni, kwenye meza ya Mama Furaha. Shukuru akaniuliza swali moja tu.

"Shemeji, weye uko na kilo ngapi?"

Nikasema mia moja na kumi na mbili.

Wakuu, kesi yangu yote iko hapo.

Kilo hizo nilikuwa nazo kweli, zamani, nilipougua nikapandishwa milimani, hospitali ya Lemera, kutibiwa. Lakini wiki mbili kabla ya swali lile nilikuwa nimepeleka goti langu kwenye kituo cha afya cha mtaani, na nesi akanipandisha kwenye mzani. Mia moja thelathini na nne. Aliponipa ile fiche, karatasi ya vipimo, niliikunja mara nne nikaitia mfukoni. Nyumbani nikasema goti ni uzee tu.

Mama Furaha akasikia jibu langu akacheka. "Si upande ku muzani tuone? Ule pale." Alikuwa anaonyesha mzani mkubwa wa kupimia magunia ya ndagala, dagaa wetu, na wamama wa meza zote za jirani wakageuka kutazama.

Nikajibu kwamba mimi si gunia. Wakacheka, yakaisha.

Kwa nini nilidanganya? Ningesema kweli, Shukuru angesema hapana. Na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa hapana kwa sababu ya mwili wangu.

Shukuru akajumlisha mwenyewe. Kilo zangu, nyuzi na ndoano, chambo, samaki wachache, akaona bado kuna nafasi, tukainunua. Kumbe mimi peke yangu, mikono mitupu, nilikuwa nimebakiza kilo moja.

Nifungue mabano kidogo hapa kwa anayenunua. Ile max load maana yake si kwamba utavua vizuri ukiwa na uzito huo. Ni mpaka wa mwisho. Ondoa theluthi nzima, kinachobaki ndiyo namba yako, wewe na kila ulichobeba. Kwa hiyo hata kilo mia na kumi na mbili zingekuwa nyingi kwa kayak ile. Nilijifunza baadaye, na kuna siku nimejificha nyuma ya hesabu hiyo. Lakini Shukuru alipiga hesabu kwa namba niliyompa mimi.

Kingine ni urefu. Miguu yangu haikuenea. Ilibidi nikunje magoti niyabane chini ya plastiki ya juu, na kutoka nilikuwa navuta mguu mmoja mmoja kwa mikono. Shukuru aliona, hakupenda. Akasema wiki ya kwanza atakuwa anatoka nami na mtumbwi wake, pembeni yangu.

Siku tatu zilikwenda vizuri. Maji yalikuwa yametulia, nikaleta mikeke nyumbani, samaki wetu wa heshima huku. Mama Furaha aliwakaanga huku anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba muda mrefu.

Siku ya nne ilikuwa asubuhi nzuri, jua limeshatoka juu ya milima ya Burundi. Tulikuwa mbele ya mdomo wa mto Mulongwe. Kiangazi upepo wa kusini huamka mapema, sote tunajua. Ukaamka. Si upepo mkali, wakuu, ni ule wa kila siku. Mitumbwi mingine iliendelea kuvua.

Mimi ukingo wa kayak ulikuwa umebakiza vidole vitatu kufika majini. Samaki akashika. Nikageuka kumtoa ndoano, wimbi dogo likaingia, kayak ikapinduka.

Kichwa chini, magoti yamebana. Nilijaribu kuvuta mguu, ukakataa. Nilikunywa maji. Niliwaza Furaha binti yangu, sikuwaza kitu kingine.

Shukuru akaruka. Alizama mara mbili, sijui alifanyaje, akaning'oa. Mara ya pili nilitoka na ngozi ya goti ikabaki mle ndani.

Sasa mtu mzito mwenye hofu hana akili. Nilimshika mkono nikaukumbatia, nikajaribu kuupanda kama ngazi. Yeye kwa mkono mwingine ameshika mtumbwi wake. Alikuwa anasema, "Niachilie kidogo, shemeji, shika mutumbwi." Nilimsikia vizuri. Sikumwachilia. Nikasikia bega lake linatoka.

Hakupiga kelele. Aliendelea kunishikilia mpaka wavuvi wenye injini walipotufikia.

Bega lilirudishwa, lakini halikurudi kama zamani. Mkono wa kulia haupandi kupita kifua. Nyavu hawezi kuvuta, kasia hawezi. Leo hii Shukuru anauza unités, yaani vocha za simu, mbele ya nyumba yake, kijana wa miaka thelathini na moja, mvuvi mtoto wa mvuvi.

Watu wote wakasema ni upepo. Sikumkosoa mtu.

Halafu nikafanya kibaya zaidi. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda kanisani, nilisimama mbele ya watu na kipaza sauti mkononi. Nikasema upepo mkali ulinipiga na Mungu akaniokoa. Wamama wakapiga vigelegele, kwaya ikaingia. Mama Furaha alilia kwa shukrani. Shukuru alikuwa kwenye benchi la tatu, mkono umefungwa kwa kitenge cha dada yake, ananitazama.

Hiyo ni mwaka juzi.

Tangu hapo nimebeba magunia bandarini Kalundu, goti au si goti, na nikipata kitu nagawa na nyumba ya Shukuru. Watu wananisifu kuwa mimi ni shemeji mwema. Kila wakinisifu natamani ardhi ipasuke.

Mwaka huu nimeanza tena kutafuta kayak, maana nyumba mbili zinaniangalia. Safari hii ni sit-on-top, ile ya kukaa juu, ukipinduka unaanguka tu majini bila kunaswa. Upana sentimita tisini, uzito inaobeba ni zaidi ya kilo mia mbili na arobaini, na miguu yangu inanyooka. Jumamosi tulimpigia muuzaji tukiwa kwenye meza ya Shukuru mbele ya nyumba yake, yeye ameshika simu kwa mkono wake wa kushoto, sauti iko nje.

Muuzaji akauliza, "Mwenye kuipanda ana uzito gani?"

Nikafungua mdomo. Nikasema mia moja thelathini na sita, nimepima jana. Na mwaka juzi nilikuwa na mia thelathini na nne, nilijua.

Shukuru akakata simu. Kisha akasema:

"Minye nilijuaka, shemeji. Tangu siku ile. Minye njo nilikuvuta mu maji."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilingojea useme weye. Ukasimama ku kanisa, nikajua sasa utasema. Ukasema ni upepo. Ile iliniuma kupita mukono."

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mtu mzima. Akaniambia niinuke, wateja wanaona. Akaniambia kayak ile ni nzuri, niichukue. Nilipoaga akaongeza jambo moja: "Kwa dada yangu utasema weye mwenyewe. Minye sitakusaidia."

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, jibu lako ni hili. Chukua ya kukaa juu, pana, yenye nafasi ya miguu yako. Ijaribu ufukweni umebeba kila kitu. Na jipime siku hiyo hiyo, mbele ya yule atakayekuwa pembeni yako majini, kwa sababu kilo unazoficha atazibeba yeye.

Mama Furaha amerudi sokoni sasa hivi, namsikia uani anaosha beseni zake. Nikibonyeza kutuma, natoka kwenda kumwambia.

Wenye uzoefu wa kayak waseme, nitasoma. Lakini zaidi namwomba yeyote aliyewahi kumwambia mke wake ukweli uliochelewa miaka miwili: ulianza na neno gani?